Ghorofa Iliyoficha Jiwe la Babu

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kikao cha maoni ya wananchi hapa Embu. Kuna watu wanaotaka kujenga jengo refu karibu kabisa na kanisa la zamani la mawe, na wengine hawataki, basi tukaitwa sote tuseme. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi kwa mwandiko wa karani, maana ukarani ndio kazi niliyoifanya hadi nikastaafu. Lakini ukutani walikuwa wametundika mchoro wa jengo hilo, na ndani ya mchoro mlikuwa na watu wadogo wasio na nyuso. Wengine walitembea chini, wengine wameegemea vyuma vya roshani. Niliwatazama muda mrefu. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi ya mlinzi, na karatasi yangu nikarudi nayo nyumbani bila kuisoma.

Wenzangu mliokulia kwenye miteremko hii ya mlima, mliovaa kaptura moja juma zima na kuifua Jumamosi, huenda mkanielewa. Vijana wataniuliza maswali ambayo mimi mwenyewe sina majibu yake.

Nililelewa na nyanya yangu katika kijiji cha Githongo, kule Meru, kwenye boma lililozungukwa na kahawa na migomba. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanawe, kwa hiyo nilipewa jina la babu, Kirimi, kama desturi yetu ilivyo. Mnajua uzito wa jina hilo. Mtoto haitwi tu kwa jina la babu yake. Yeye ndiye babu, amerudi. Na kwa sababu mwanamke wa zamani hakuthubutu kulitamka jina la mumewe, nyanya hakuweza kuniita Kirimi hata mara moja. Aliniita mzee wangu. "Mzee wangu ameamka?" angeuliza kutoka jikoni, nami ningejibu nimeamka. Uji ulipoiva nilipewa wa kwanza, kwenye kibuyu changu peke yangu, na binamu zangu waliokuwa wakubwa kuliko mimi walingoja. Wageni walipokuja walinipa mkono kwa unyenyekevu wa utani na kuniuliza mvua nazionaje mwaka huu. Nilikuwa na miaka saba hivi. Nilifikiri kidogo kisha nikawaambia ninavyoziona.

Watu wazima walikuwa wanatania na papo hapo hawatanii. Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipopotea njia. Hakuna aliyeniambia utani unaishia wapi.

Babu mwenyewe sikumwona. Alichukuliwa na wakoloni wakati wa hali ya hatari, akapelekwa kambini kufungwa, na hakurudi. Aliyerudi kutoka kambi hiyo alisema tu kwamba amekufa. Amezikwa wapi, na nani, hakuna aliyejua. Hatukuwa na picha yake. Tulichokuwa nacho kilikuwa mjini Meru, na kilikuwa jiwe moja.

Babu alikuwa fundi wa mawe. Alikuwa miongoni mwa waliojenga ule mnara wa kengele uliosimama pale mjini karibu na soko. Siku hizo ndio ulikuwa mrefu kuliko kitu chochote mjini, na mtu akielekezwa mahali alianzia hapo: ukifika mnarani, pinda huku. Mafundi walitia alama zao kwenye baadhi ya mawe ili kazi ya kila mmoja ijulikane. Alama ya babu ilikuwa mistari mitatu mifupi, na chini yake mmoja uliopinda kama mundu. Ilikuwa upande wa kusini wa mnara, usawa wa bega la nyanya, mkabala na kiwanja kitupu kilichoota nyasi. Kila Jumamosi tulishuka sokoni, yeye na mzigo wa viazi vikuu mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mimi na mkungu mdogo wa ndizi. Kabla ya kutua mzigo, nyanya alipita kwenye kile kiwanja, akaweka kiganja chake juu ya ile alama. Hakusema kitu wala hakuomba. Aliuacha mkono hapo kiasi cha mtu kusalimiana na mtu, kisha tukaenda kuuza. Lile jiwe lilikuwa limeanza kung'aa kwa mafuta ya mkono wake.

Mimi nami niliweka mkono. Nilichanganyikiwa kila mara nilipofanya hivyo, maana niliambiwa huyu ni babu, na niliambiwa babu ni mimi, na jiwe lilikuwa baridi.

Kisha ikaja habari ya ghorofa. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka kilima cha pili, tajiri wa wakati ule, ambaye watu walimwita Mwenye Malori. Alikuwa amepewa kile kiwanja, na alitaka kujenga duka la ghorofa mbili juu, la kwanza la namna hiyo kwa mtu wetu. Ukuta wake ungegusana na mnara, jiwe kwa jiwe, upande wa kusini. Mji mzima ulizungumza jambo hilo. Kwenye foleni ya kusaga posho watu walibishana, kanisani walibishana wakisubiri mhubiri. Ndipo chifu akatangaza baraza: watu waje mnarani siku ya Jumatano, afisa kutoka makao ya wilaya atakuja kuwasikiliza kabla ya ruhusa kutolewa.

Nyanya alinifundisha neno moja tu. Jioni baada ya jioni, akimenya ndizi za kupika, aliniuliza, "Mzee wangu atasema nini?" Nami nikajibu, "Mkono wangu uko pale. Usifunikwe."

"Sema kwa sauti. Huko kutakuwa na upepo."

"Mkono wangu uko pale! Usifunikwe!"

"Hapo sawa," alisema. "Hapo hata waliolala watasikia."

Sasa nitasema jambo ambalo halikujulikana na mtu. Jumanne, siku moja kabla ya baraza, nilitumwa dukani kununua mafuta ya taa. Mwenye Malori alikuwepo, ameketi juu ya gunia la chumvi, miguu ameinyoosha. Alikuwa mtu wa kucheka. Aliponiona alisimama, akavua kofia.

"Mzee Kirimi! Mke wako amekupikia nini leo?"

"Ndizi na maharagwe," nilisema.

"Na wewe umemjengea nini? Au umekaa tu unakula?"

Watu dukani wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona ni swali la haki. Alininunulia soda, ya kwanza ya chupa nzima maishani mwangu, na nilipokuwa naimeza, pua ikiwasha kwa mapovu, alifungua karatasi kubwa juu ya meza. Ilikuwa ramani ya jengo lake. Ilinuka wino na kitu kama siki. Niliona ghorofa zimechorwa kwa mistari iliyonyooka, madirisha, mlango mpana, na pembeni yake mnara wetu, mzima, na juu ya mnara ndege watatu. Na kwenye roshani ya juu kabisa alisimama mtu mmoja mdogo asiye na uso, ameelekea mnarani.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

Mwenye Malori aliinama akatazama. Nadhani hakuwa amemwona kabla ya hapo. "Huyu? Huyu si ni wewe, mzee? Umesimama juu unaangalia kazi yako."

Alisema hivyo kwa kupita, kama mtu mzima anavyosema na mtoto. Hakuniomba kitu. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, nikitafuta mahali aliponinunua, na kwa kweli sijapata. Aliikunja karatasi yake, akanigusa kichwa, akaenda zake.

Lakini mimi nilirudi nyumbani mafuta ya taa yakinimwagikia mguuni, na kichwa kimejaa. Nilikuwa sijawahi kuona mchoro wa kitu ambacho hakijakuwepo. Picha nilizozijua ni zile za kitabu cha shule na za kalenda ya misheni, na zote, niliamini, zilikuwa za vitu vilivyopo mahali fulani. Kwa hiyo jengo lilikuwa limekwisha kuwepo kwenye ile karatasi, na babu alikuwa mle. Ndiyo maana hakuwa na kaburi. Alikuwa amesimama juu, akingoja ghorofa ije chini yake. Ikikataliwa angesimama juu ya nini? Na mnara haukuwa umefichwa hata kidogo. Niliuona kwa macho yangu, na ndege wake watatu. Nyanya alikuwa amekosea tu, kwa sababu hakuonyeshwa karatasi.

Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu ya soda. Tulikuwa tumekatazwa kupokea chakula kwa watu. Ningeanza na ramani angeuliza niliionea wapi, na tungefika kwenye chupa. Basi nikanyamaza, nikala chakula changu, nikipakuliwa wa kwanza kama kawaida.

Siku ya baraza watu walijaa mpaka barabarani. Afisa alikuwa kijana mgeni, hakujua Kimeru, alizungumza Kiswahili na chifu akageuza maneno huku na huku. Mwalimu mmoja wa shule alisimama kwanza. Alisema tumepata uhuru, na mji wetu bado ni vibanda vya mbao na mnara mmoja. Nanyuki watu wanapanda ngazi, sisi tunapanda miti. Na waliojenga mnara wamekwisha kufa, hawana la kusema. Akapigiwa makofi. Mwenye bucha akauliza maji ya paa la ghorofa yatamwagikia wapi, kama si kwenye nyama yake. Mzee wa kanisa akasema kengele itanyamazishwa, kwamba sauti ikigonga ukuta inarudi kwa mwenyewe.

"Irudi tu," mama mmoja muuza maharagwe alipaza sauti. "Wewe ndiye unachelewa ibada, si sisi!"

"Mama, ngoja zamu yako," chifu alisema.

"Nitangoja. Lakini mniambie, nyinyi mnaotaka ghorofa, ni nani hapa aliyewahi kupanda hata ngazi ya ghala bila mkewe kumshikia miguu?"

Watu walicheka mpaka afisa akataka kujua kimesemwa nini, na chifu akamwambia mama amekubaliana na wenzake. Baraza lilikuwa zuri hadi hapo. Nakumbuka jua, na harufu ya majani ya migomba yaliyokanyagwa, na jinsi sauti za upande huu na wa ule zilivyolingana. Kweli hakuna aliyejua uamuzi utaangukia wapi.

Ndipo nyanya akasimama. Alikuwa mwembamba, na shuka lake la siku kuu alikuwa amelifunga begani. Hakupaza sauti.

"Mwalimu amesema waliojenga mnara wamekwisha kufa, hawana la kusema," alisema. "Wengine hatukuonyeshwa makaburi yao, kwa hiyo hatujui kama ni kweli. Mimi kaburi langu ni hilo jiwe mnaloliona. Likifunikwa sitakuwa na mahali pa kwenda. Lakini mimi ni mwanamke, sikuujenga mnara. Aliyeujenga nimekuja naye." Akanishika mkono akanisogeza mbele. "Huyu hapa. Mwulizeni."

Wazee waliitikia kwa mguno wa kuridhika. Hata waliotaka ghorofa walitikisa kichwa, maana aliwaweza. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angethubutu kusema kwamba jina si mtu. Chifu alimweleza afisa: hapa kwetu mtoto akipewa jina la babu, huyo ndiye babu. Afisa alitabasamu, akaweka kalamu tayari.

"Basi babu aseme."

Kulikuwa na upepo kweli. Nilimwona Mwenye Malori amesimama nyuma, kofia mkononi, na hakuwa anacheka. Nilitazama juu, pembeni mwa mnara, mahali ambapo roshani ingekuwa, na kulikuwa na hewa tupu. Nilimhurumia aliyekuwa pale. Pia, na hili nalisema kwa sababu ni kweli, nilipenda watu wote wale wakinyamaza kwa ajili yangu. Na pia niliwaza kwamba mimi ndiye mume, na mke husikiliza. Yote matatu yalikuwa kichwani kwa pamoja na mpaka leo sijui lipi lilinifungua mdomo.

"Lijengwe," nilisema kwa sauti ile niliyofundishwa. "Mimi nitakaa juu."

Kicheko kikapasuka kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwalimu alijipiga mapaja. Watu walikumbatiana, mtu akapiga mbinja. Chifu aligeuza maneno yangu kwa Kiswahili, na afisa naye akacheka, akaandika.

Nyanya angeweza kusema huyu ni mtoto, msimsikilize. Neno moja tu. Chifu alimgeukia kabisa, akamngoja. Sasa ninaelewa kwamba alikuwa anampa nafasi. Lakini angesema hivyo angekuwa amekana kwamba mimi ni babu, mbele ya watu aliowaambia kwamba ndimi. Alivuta shuka lake begani.

"Amesema," alisema nyanya. "Mzee wangu amesema."

Akakaa chini. Baada yake hakuna mwanamke mwingine aliyesimama kupinga.

Ruhusa ilitolewa. Kama ni kwa sababu yangu, sijui. Huenda mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa ofisini na baraza lilikuwa la kutuchangamsha tu. Watu wa umri wangu tunajua mabaraza. Lakini pia huenda sivyo, na hakuna wa kumuuliza.

Ukuta wa kusini ulipanda mwaka huo huo. Jumamosi ambayo mafundi walikuwa wamefika usawa wa bega, nyanya alisema mgongo unamuuma, binamu zangu wakaenda sokoni bila yeye. Jengo lilipokamilika nilipenya mlangoni nikapanda ngazi mpaka juu, peke yangu. Roshani ilikuwepo. Ilikuwa na mifuko mitupu ya saruji, na ndoo. Niliinama juu ya vyuma nikitafuta jiwe, lakini katikati ya kuta mbili hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata kiganja cha mtoto. Mwenye Malori alitokea nyuma yangu.

"We mtoto! Nani kakuruhusu huku? Shuka!"

Hakunitambua. Nilishuka.

Nyumbani, nyanya hakunichapa wala hakunikaripia. Ila hakuniita tena mzee wangu. Alianza kuniita Jeremia, jina la ubatizo ambalo lilikuwa likitumika shuleni tu, na uji nikawa napewa pamoja na wengine, yeyote aliyetangulia kunyoosha mkono. Alinibembeleza nilipougua, alinishonea kaptura, alikuwa mwema kwangu kama alivyokuwa kwa binamu zangu, wala si zaidi. Nililala nikilia, nisijue nimefukuzwa kutoka wapi. Niliamini amenikasirikia, na niliamini hivyo mpaka nikawa mtu mzima, nikamaliza shule ya sekondari, nikapata kazi Embu na kuoa. Ofisini nilikigeuza kisa hicho kuwa cha kuchekesha: jinsi mimi, nikiwa na miaka saba, nilivyotoa ruhusa ya ghorofa. Kilipendwa sana. Nilikisimulia kila Desemba.

Mara ya mwisho nilipomwona nyanya alikuwa hatoki tena kitandani. Nilimpelekea blanketi na mkate. Macho yake yalikuwa yamefifia, akanijua kwa mkono, akaushika, akaupapasa vidole kimoja kimoja. Tulikuwa peke yetu ndani.

"Jeremia," alisema, "kuna jambo nimekukosea, na sitaki kwenda nalo."

Nikamwambia hakuna jambo.

"Lipo. Siku ile ya baraza. Nilimchukua mtoto mdogo nikamsimamisha mbele ya watu wazima abebe mzigo wangu. Wakakucheka. Niliona uso wako. Nikasema huyu sitamwita tena jina lile, nimwache awe mtoto, acheze. Lakini sikukuomba msamaha, kwa sababu niliona haya. Mtoto angejua nini? Ungejuaje? Ni mimi niliyemfunika mzee. Si wewe."

Alingoja. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya wangu.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia wakati ule. Ningemwambia juu ya soda na ramani, na yule mtu mdogo asiye na uso, na kwamba nilijua vizuri kabisa neno nililopelekwa pale kulisema. Ningemwambia kwamba nilidhani mumewe yuko juu anangoja mahali pa kusimama. Labda angecheka. Labda hilo ndilo angelipenda kuliko yote. Lakini nilikuwa mtu wa suti na tai, karani mkuu, na alikuwa amelitoa kosa zima mikononi mwangu na kulichukua yeye, na ilikuwa rahisi sana kuwa bila kosa hilo. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nimekusamehe, nyanya."

Akashukuru. Alinishukuru mara mbili. Siku tisa baadaye tukamzika pale Githongo, upande wa juu wa kahawa, na mimi ndiye niliyesoma wasifu wake.